Kazi za usalama wa ndani na maafa Marekani: mtaalamu hasa ni nani, na mlango wa kuingilia uko wapi

Mtu akisikia unataka kusomea usalama wa ndani wa Marekani, moja kwa moja anamuwaza yule wa uwanja wa ndege anayepekua mabegi, au afisa wa uhamiaji anayekukazia macho pale dirishani, au wale wa miwani myeusi wanaotembea na rais. Wote hao wapo, na kweli wote wanalipwa na wizara moja, ile ya Homeland Security, DHS kwa kifupi. Lakini ukiuliza mtaalamu hasa ni nani, yaani yule ambaye kimbunga kikija au mitambo ya maji ya mji ikidukuliwa ndo anapigiwa simu saa nane usiku, utakuta mara nyingi hana bunduki wala kombati, ana kompyuta na orodha ndefu ya namba za simu, na ametokea kwenye fani ambayo wala hukuitegemea, unesi, zimamoto, uhasibu, stoo. Tena mara nyingi hata hiyo DHS sio iliyomwajiri. Naona tuifungue hii kitu taratibu, kwa sababu kuna vijana wetu kule wanamwaga hela kwenye digrii zenye majina makubwa bila kujua kazi zenyewe zimekaaje.

Tuanze na hiyo wizara maana ndo inachanganya watu. Septemba 11, 2001 walikufa watu karibu 3,000, na baadaye uchunguzi ukaonyesha taarifa kuhusu wale magaidi zilikuwepo, ila zilikuwa vipande vipande kwenye ofisi ambazo haziongei. Novemba 25, 2002 Rais George W. Bush akasaini sheria ya kuunda wizara mpya, na Machi 1, 2003 ikaanza kazi ikiwa imezoa idara 22 kutoka huku na kule: forodha na Secret Service, hao wanaomlinda rais, kutoka wizara ya fedha, walinzi wa pwani kutoka uchukuzi, uhamiaji kutoka wizara ya sheria, halafu na FEMA, shirika la maafa lililoanzishwa na Jimmy Carter mwaka 1979 ambalo mpaka hapo lilikuwa linajitegemea. Leo wizara ina wafanyakazi zaidi ya 240,000. Sasa angalia ambavyo havimo: FBI haimo, iko wizara ya sheria. CIA haimo. CDC ya magonjwa ya mlipuko haimo, iko afya. Jeshi la akiba la kila jimbo liko chini ya gavana. Kwa hiyo mtu akikwambia "nataka kazi ya Homeland Security" ni sawa na mtu wa kijijini kusema anataka kazi mjini, sawa, lakini kazi gani?

Ukiitazama hiyo orodha utajiuliza vimbunga na mafuriko vinafanya nini ndani ya wizara iliyoundwa kwa ajili ya ugaidi, na hilo swali lilipata jibu chungu Agosti 2005. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans na kingo za mifereji zikapasuka, walikufa watu zaidi ya 1,300, wengine wakakaa siku kadhaa juu ya mapaa na kwenye uwanja wa ndani wa michezo bila maji ya maana. Mkuu wa FEMA wakati huo, Michael Brown, kabla ya kuingia FEMA alikuwa kamishna wa chama cha wafugaji wa farasi wa Kiarabu. Sio utani. Alijiuzulu Septemba hiyo hiyo, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuirekebisha FEMA, na humo likaandika jambo ambalo ungedhani halihitaji kuandikwa, kwamba anayeteuliwa kuongoza FEMA lazima awe na ujuzi ulioonekana wa usimamizi wa maafa na usalama wa ndani na asipungukiwe na miaka 5 ya uongozi. Kwa maoni yangu hapo ndo fani hii ilipata heshima yake, maana mpaka hapo wengi waliichukulia kama kiti cha kuwapa marafiki wa kisiasa, ingawa kulikuwa na watu kama James Lee Witt aliyeongoza FEMA kuanzia 1993 akiwa ametoka kusimamia maafa jimboni Arkansas.

Aliyekuja 2009, Craig Fugate, ni mfano mzuri wa mtaalamu wa kweli anavyopatikana. Alianza kama zimamoto na mhudumu wa ambulensi kaunti moja ya Florida, akapanda mpaka kusimamia maafa ya jimbo zima, halafu FEMA. Yeye ndo mwenye ile habari ya Waffle House. Hii ni migahawa ya bei poa inayofunguliwa saa 24, imejaa majimbo ya kusini ambako vimbunga havikosi, na kampuni yenyewe inajulikana kwa kujiandaa, wana jenereta na wana menyu maalum ya siku ambayo umeme hamna. Fugate na wenzake waligundua kwamba ukifika eneo la maafa ukaangalia Waffle House unapata picha haraka kuliko ripoti: wanauza menyu nzima, ni kijani, eneo lina nafuu, wanauza vichache, ni njano, umeme au maji yana shida, wamefunga, ni nyekundu, hapo shuka kwenye gari ufanye kazi. Watu wanacheka wakisikia, ila humo ndani kuna utaalamu wenyewe, wa kujua kiashiria gani kinakuambia ukweli upesi kabla takwimu hazijaja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui na ndo linaamua ajira ziko wapi. Marekani serikali kuu haiji kuchukua usukani maafa yakitokea. Kuna sheria ya 1988 inaitwa Stafford, na utaratibu wake ni kwamba maafa yanaanza kushughulikiwa na mji au kaunti, kaunti ikizidiwa inaomba jimbo, jimbo likizidiwa gavana anamwandikia rais aombe tamko la maafa, rais akikubali ndo mfuko wa serikali kuu unafunguka na FEMA inaingia, tena inaingia kusaidia sio kutawala. Kaunti ziko zaidi ya 3,000. Nyingi zina mtu wa maafa, na kwenye kaunti ndogo ni mtu mmoja tu, pengine wa nusu siku, pengine ni zimamoto mstaafu aliyepewa na hilo jukumu. Huyo mtu mmoja ndo mtaalamu ninayemzungumzia.

Siku ya kawaida, jua linawaka, hamna dharura yoyote, anafanya nini? Anapiga simu shule aone mabasi yake yanaweza kubeba watu wangapi na madereva wakigoma kuja siku ya kimbunga nani ataendesha. Anakaa na mchungaji wasainiane kwamba ukumbi wa kanisa utakuwa kambi, nani atafungua mlango, nani atalipa umeme. Anatafuta wagonjwa wanaotumia mashine za oksijeni nyumbani wanaishi wapi. Anapanga mbwa na paka watakaa wapi, na hapo msicheke, baada ya Katrina ilionekana watu walikataa kuokolewa kwa sababu waliambiwa waache wanyama wao, wengine wakafa nao, ndo 2006 ikapitishwa sheria kwamba mipango ya majimbo na miji inayotaka hela ya FEMA izingatie wanyama wa kufugwa. Mtu wetu akisoma hiyo anaona wazungu wana mambo, lakini mtaalamu anasoma kingine, kwamba mpango usiojua watu wanapenda nini hautafuatwa.

Ushahidi mwingine kwamba wenye ujuzi wako huku chini kwenye kaunti tunao wenyewe Afrika Mashariki. Agosti 7, 1998 mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi wakafa watu 213 na Dar es Salaam 11, na jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi wa Nairobi likaporomoka watu wakiwa ndani. Waokoaji walioletwa kutoka Marekani kusaidia kufukua kifusi walikuwa kikosi cha idara ya zimamoto ya kaunti ya Fairfax, Virginia. Zimamoto wa kaunti! FEMA inafadhili vikosi 28 vya namna hiyo nchi nzima, na ndani ya kimoja utakuta zimamoto, daktari, mhandisi wa majengo anayejua nguzo ipi ikiguswa yote yanashuka, na mwenye mbwa wa kunusa. Wengi wana kazi zao za kila siku, wakiitwa ndo wanabeba begi.

Nikupe na tukio moja kwa karibu uone utaalamu ukikosekana kunakuwaje. Hawaii, Januari 13, 2018, Jumamosi, saa 2:07 asubuhi, simu za watu wote visiwani zikalia kwa meseji kwamba kombora linakuja, jifiche mara moja, na mwisho ikasisitiza hili sio zoezi. Watu wakaingiza watoto kwenye mashimo ya maji taka barabarani, wengine wakapiga simu za kuagana. Hamna kombora lolote. Ilikuwa wakati wa kupokezana zamu kwenye ofisi ya maafa ya jimbo, msimamizi akaamua kufanya zoezi, ikapigwa rekodi ya sauti iliyosema mwanzo na mwisho kwamba ni zoezi, ila katikati, kinyume cha utaratibu, ikatamka pia kwamba hili sio zoezi. Mfanyakazi mmoja akasema alisikia hayo ya katikati tu. Akafungua kompyuta, akachagua meseji ya kweli badala ya ile ya majaribio, mfumo ukamuuliza una uhakika, akabonyeza ndiyo. Hapakuwa na sharti la mtu wa pili kuthibitisha.

Meseji ya kusahihisha ilichukua dakika 38. Hapo ndo pabaya zaidi kuliko lile kosa. Hakuna aliyekuwa ameandaa mapema maneno ya kufuta tahadhari, hivyo ilibidi waanze kutunga na kuulizana nani ana ruhusa. Gavana aliambiwa ndani ya dakika mbili kwamba ni uongo, akachelewa kutangaza, na baadaye akakiri kwamba hakuwa anajua jinsi ya kuingia kwenye akaunti yake ya Twitter. Mkuu wa ile ofisi akajiuzulu. Ukichambua hilo tukio unaona ndani yake kama kazi nne za kitaalamu ambazo hakuna aliyezifanya vizuri: anayebuni mazoezi na kuyaandikia utaratibu, anayetengeneza kioo cha kompyuta kiasi kwamba kitufe cha kweli na cha majaribio visifanane, anayeandika meseji za tahadhari kabla ya siku ya tahadhari, na msemaji anayejua neno la serikali litafika kwa njia gani ndani ya dakika tatu. Hizo zote ni ajira. Kubuni mazoezi peke yake ni fani yenye miongozo yake ya taifa na watu wanalipwa mwaka mzima kwa hilo tu.

Hawaii hiyo hiyo, Agosti 2023, moto ukaunguza mji wa Lahaina kisiwani Maui wakafa watu 102, na ving'ora vya kisiwa, karibu 80, havikupigwa hata kimoja. Mkuu wa maafa wa kaunti alisema hajutii, kwamba watu wamezoea ving'ora kwa tsunami hivyo wangekimbilia mlimani uliko moto. Siku iliyofuata akajiuzulu, akataja afya. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama hoja yake ilikuwa na mashiko. Mimi naona hata kama ilikuwa nayo, swali la king'ora kimezoeshwa nini lilitakiwa kujibiwa miaka kumi kabla, sio siku ile.

Kuna lugha moja ambayo yeyote anayeingia huku lazima aiongee, inaitwa ICS, mfumo wa amri kwenye tukio. Ulizaliwa California baada ya mioto ya 1970 ambapo vikosi vya idara tofauti vilifika kusaidiana vikashindwa kuelewana hata kwenye redio, kila idara na misimbo yake, kila mtu na bosi wake. Wakakubaliana: tukio moja lina kamanda mmoja, chini yake kuna operesheni, mipango, vifaa na fedha, kila kiongozi asimamie watu kati ya 3 na 7 asizidishe, na redioni mtu aongee lugha ya kawaida aache misimbo. Mwaka 2004 ikawa mfumo wa taifa zima, na anayetaka ruzuku za serikali kuu lazima aufuate. Uzuri wake ni kwamba cheo chako cha kawaida hakina maana ukifika eneo la tukio, profesa anaweza kuwa chini ya mtu wa zimamoto, unavaa kizibao kilichoandikwa kazi yako ya leo basi. Kwa watu wa kwetu tuliozoea mkuu wa mkoa akifika kila mtu anaacha alichokuwa anafanya, huu mfumo unahitaji kuzoea.

Kwenye hivyo vitengo vinne, watu wanagombania operesheni kwa sababu ndo kwenye helikopta na picha. Kitengo chenye njaa ya watu ni fedha. Nitaeleza. Rais akishatangaza maafa makubwa, serikali kuu inarudishia mji au jimbo angalau asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za kusafisha kifusi, kujenga barabara, madaraja, shule. Angalia hayo maneno "zinazokubalika". Kila saa ya greda, kila lita ya dizeli, kila zabuni iwe na karatasi yake, picha ya kabla, picha ya baada, mkataba ulioshindanishwa. Karatasi zikikosekana FEMA inaweza kukataa, au mbaya zaidi wakaguzi wanarudi miaka kadhaa baadaye wanadai hela waliyoshatoa. Kwa hiyo kuna jeshi la wahasibu, wahandisi na wanasheria ambao kazi yao ni hizo karatasi tu, baadhi wako majimboni, wengine kwenye makampuni ya ushauri yanayolipwa vizuri. Mtu mwenye uhasibu aliyekaa akaijua hii sheria kiundani hakosi kazi, kwa sababu kujenga upya baada ya kimbunga kimoja kunachukua miaka kumi na zaidi.

Upande wa mitandao nitapita haraka maana una makala zake. Kuna shirika ndani ya DHS linaitwa CISA, lilianzishwa Novemba 2018, linasaidia wenye mitambo ya umeme, maji, mafuta na uchaguzi kujilinda. Mei 2021 wadukuzi waliingia kampuni ya bomba la mafuta la Colonial kwa kutumia nywila ya akaunti ya zamani ambayo haikuwa na uthibitisho wa pili, kampuni ikazima bomba linalolisha karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki, ikalipa bitcoin 75, na watu wakapanga foleni vituoni kujaza mafuta. Nywila moja. Anayejua kompyuta na pia anaelewa pampu na vali zinafanya kazi vipi ni adimu, wengi wanajua kimoja.

Lakini mlango ambao naona ni wa watu wetu hasa ni hospitali na nyumba za wazee, kwa sababu tayari wako humo. Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi wangapi kule ni manesi na wasaidizi wa wagonjwa? Septemba 2017 Kimbunga Irma kilipopita Florida, nyumba moja ya wazee katika mji wa Hollywood ilipoteza umeme wa viyoyozi, joto likapanda siku hadi siku, na wazee 12 wakafa, na ng'ambo ya barabara tu palikuwa na hospitali kubwa yenye umeme na ubaridi. Jimbo likapitisha sheria kwamba nyumba za wazee ziwe na umeme wa akiba wa kushikilia joto lisizidi kama nyuzi 27 kwa saa 96. Na kabla ya hapo serikali kuu ilishatoa kanuni, ikaanza kubana Novemba 2017, kwamba aina 17 za watoa huduma wanaolipwa na Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, kuanzia hospitali mpaka vituo vya kusafisha figo, lazima wawe na mpango wa dharura ulioandikwa, njia za mawasiliano, mafunzo kwa wafanyakazi na mazoezi. Mtu wa kusimamia hayo lazima apatikane, na nesi aliyewahi kuhamisha wagonjwa kwa ngazi lifti ikiwa imekufa anajua mambo ambayo mwenye mastazi ya usalama hayajui.

Kuhusu kusoma basi. Digrii ya kwanza kabisa ya usimamizi wa maafa ilianzishwa University of North Texas mwaka 1983, leo ziko nyingi mno, na nyingine ni za mtandaoni za bei mbaya zisizo na jina. Kabla hujalipa senti, chuo cha FEMA kilichoko Emmitsburg, Maryland kinaweka masomo bure mtandaoni, na yale ya msingi yanajulikana kwa namba, IS-100, IS-200, IS-700 na IS-800, tangazo lolote la kazi utakuta wanayataja. Baada ya hapo jitolee kwenye CERT, vikundi vya mtaa vinavyofundishwa kuzima moto mdogo, huduma ya kwanza na kutafuta watu, vilianzia kwa zimamoto wa Los Angeles mwaka 1985, mafunzo ni kama saa 20 na hawaulizi uzoefu. Huko ndo unajuana na yule mtu mmoja wa kaunti. Halafu ukishakomaa kuna cheti cha CEM kinachotolewa na chama cha kimataifa cha wasimamizi wa maafa, kinataka miaka ya uzoefu, saa 100 za mafunzo ya maafa na 100 za uongozi, mtihani, na unakihuisha kila miaka 5. Wakurugenzi wa maafa, kwa takwimu za wizara ya kazi za 2023, mshahara wa kati ulizidi dola 80,000 kwa mwaka, ila nafasi za ukurugenzi nchi nzima ni elfu kumi na kitu tu, kwa hiyo usiingie kwa kuhesabu hiyo peke yake.

Kikwazo kinachowakuta watu wetu ni uraia. Karibu kazi zote za serikali kuu zinataka raia, grini kadi haitoshi. Na hapa Mkenya na Mtanzania hawako sawa, Mkenya tangu Katiba ya 2010 anaweza kuapa uraia wa Marekani akabaki Mkenya, Mtanzania mtu mzima akiapa anapoteza wa nyumbani, na hilo sio jambo la kuamua kwa sababu ya tangazo la kazi. Ukishakuwa raia, kazi zinazogusa siri zinadai fomu SF-86, kurasa zaidi ya mia, wanauliza umeishi wapi miaka 10 iliyopita na nani alikujua huko ulikoishi miaka 3 ya karibuni, kazi zote, safari za nje na watu wa nje unaowasiliana nao kwa ukaribu miaka 7. Kuwa na mama Mwanza au kaka Mombasa hakukuharibii, kuficha ndo kunakuharibia. Na bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa serikali kuu bado ni kosa na wataiuliza. Kaunti na majimbo yanatofautiana, mengine hayadai uraia kwa kazi hizi, na hospitali, vyuo, Msalaba Mwekundu na makampuni binafsi mengi wanaajiri mwenye grini kadi bila shida.

Siasa nazo zipo, siwezi kuzipita. Mwaka 2025 serikali ya Trump ilianza kuzungumzia kuipunguza FEMA au kuiondoa kabisa majimbo yajibebe, wafanyakazi wengi wakaondoka, na Mei aliyekuwa kaimu mkuu, Cameron Hamilton, akafukuzwa siku moja baada ya kuliambia Bunge kwamba haoni kama kuifuta FEMA kuna faida kwa wananchi. Ile sheria ya 2006 ya sifa za mkuu ikawa kama haipo kwa sababu walioongoza mwaka huo walikuwa makaimu. Mtu akiniuliza kama huu ni wakati wa kuingia FEMA ningemwambia asiweke mayai yote humo. Ila vimbunga havijafutwa, na Julai 4 mwaka huo mafuriko ya mto Guadalupe kule Texas yaliua watu zaidi ya 100, na kila mtu akaanza kuuliza kaunti ilikuwa na king'ora au haikuwa nacho. Mzigo ukishushwa majimboni, majimbo na kaunti ndo watatafuta watu, ingawa nao mishahara ya wengi kati ya hao watu wa kaunti inalipwa nusu na ruzuku ile ile ya serikali kuu, hilo nalo ni tatizo lingine.

Kwa aliyeko kazini sasa hivi kwenye nyumba ya wazee na anafikiria kuhamia upande huu, zamu ijayo aombe kuona mpango wa dharura wa jengo lake, kanuni inataka uwepo na uwe umepitiwa upya. Aangalie namba za simu zilizomo kama bado zinapokelewa, kampuni ya mabasi ya kuhamisha wagonjwa kama bado ipo, zoezi la mwisho lilifanyika lini na nani alisaini. Akikuta mapengo ayaandike apeleke kwa meneja akiwa na pendekezo, maana hiyo kazi ya kuusimamia mpango mara nyingi haina anayeigombania, na kwenye sivii inaandikwa vizuri tu.